Habu Zilizomkataa Kila Mtu ila Mzee Robo

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, dereva wa trekta alipita mbele ya ofisi ya shamba akienda kulima kitalu cha saba. Karani wa stoo, aliyekuwa dirishani akipuliza chai, aliona magurudumu ya nyuma yakienda huku na huku kama makalio ya bata. Akaweka kikombe chini.

"Dereva! Trekta lako linacheza ngoma gani asubuhi yote hii?"

Dereva alizima injini, akashuka, akalishika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili na kulitikisa. Mpira ulikuwa mzima. Kilicholegea kilikuwa habu, yaani kile kitovu cha chuma kinacholishika gurudumu kwenye ekseli, mhimili wake. Alizunguka upande wa kulia, akatikisa. Hali ni ile ile.

"Zamu imefika kwenye habu," alisema, na karani akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kumwarifu meneja.

Hakuna aliyeshangaa. Tangu Mzee Robo afukuzwe kazi, miezi minne nyuma, kila kitu alichowahi kukikaza katika shamba lile kilikuwa kikilegea, tena kwa utaratibu, kuanzia kidogo kwenda kikubwa. Wiki ya kwanza ilikuwa skrubu ya miwani ya karani, iliyotumbukia kwenye chai. Tangu hapo aliifunga miwani kwa uzi mweusi. Vikafuata vishikio vya madroo, bawaba za milango, bomba la jikoni. Kiti cha meneja kilimshusha taratibu, sentimita moja kwa siku, hata sasa alikuwa akisaini karatasi kidevu kikiwa juu ya meza. Ndoa ya dereva, ambayo Mzee Robo aliwahi kuisuluhisha kwa mazungumzo ya siku mbili, ililegea baada ya pampu ya maji na kabla ya geti kubwa. Mke akarudi kwao na masufuria yote. Dereva hakumlaumu mtu. Alisema zamu ni zamu.

Mzee alipewa jina la Robo kwa tabia yake moja. Wenzake walikuwa wakikaza nati mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, wakisema basi, imefika mwisho. Hapo yeye husogea, akaweka mkono kwenye spana na kusema, "Robo tena." Na nati, ambayo kila mmoja angeapa haina pa kwenda, huzunguka robo nyingine. Hakuwa na misuli. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Alisema tu kwamba mtu hukaza kwa nguvu zake mpaka zinapokwisha, na pale zinapokwisha ndipo pa kuomba.

Alifukuzwa kwa sababu ya kabari. Habu za trekta lile la zamani hubanwa na kabari mbili za chuma kila upande: moja huingia kwa nje, na ya pili kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki mpaka gurudumu ling'olewe. Mzee alichukua stoo kabari mbili mpya za upande wa kushoto, akazifunga. Baada ya wiki akaja mkaguzi kutoka makao makuu, akainama na tochi yake, akahesabu moja.

"Ya pili iko wapi?"

"Iko ndani, mheshimiwa. Ng'oa gurudumu utaiona."

Mvua zilikuwa karibu, na trekta halikuweza kusimama hata nusu siku. Gurudumu halikung'olewa. Ikaja barua yenye mistari sita, na katika mstari wa nne palikuwa na neno "wizi". Miaka thelathini na moja ya kazi ikafungwa na neno hilo. Mzee alihama nyumba ya shamba, akaenda kuishi kwa bintiye.

Sasa, bintiye ndiye aliyekuwa fundi pekee wa matrekta katika eneo lote lile, na kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara: paa la bati, benchi la mbao, na spana zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, kila moja imechorewa umbo lake ili ikikosekana ijulikane. Dereva alipofika, mzee alikuwa ameketi juu ya kreti akichambua bolti.

"Mzee, heshima yako."

"Ahsante, baba. Mama watoto?"

"Bado yuko kwao."

"Pole. Na trekta?"

"Habu zimeachia. Zote mbili."

Mzee aliinamisha kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Bintiye, aliyekuwa chini ya gari, alijivuta nje, akafuta mikono.

"Baba, nambie ukweli. Ni wewe unayevilegeza?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyelegezwa, mwanangu. Vyenyewe vinafuata tu." Akaiweka bolti moja kwenye kopo lake. "Nenda ukalitengeneze. Trekta halina kosa. Kabari ya ndani ina alama yangu, nukta tatu."

Fundi aliijua barua ile kwa moyo, kwa sababu kila alfajiri, akishamaliza kusali, baba yake huikunjua, akaisoma mpaka mstari wa nne, akaikunja tena. Hakuwahi kufika wa tano. Akachukua jeki, spana kubwa na bomba la kuongezea mpini, akaenda.

Ofisini, meneja alionekana kuanzia midomo kwenda juu. Fundi akachuchumaa, asije akaongea na mkubwa akimtazama kutoka juu, maana ndivyo alivyolelewa.

"Nitazifunga habu," alisema. "Sharti langu ni moja. Nikiikuta kabari ya ndani, barua ya baba ifutwe."

"Ukiikuta, tutaongea," alisema meneja.

Kazi aliyoifanya fundi asubuhi ile, karani aliisimulia kwa miaka. Aliweka magogo chini ya ekseli, upande wa kushoto, kwa kuwa jeki ni ya kuinulia na si ya kuaminia. Alifumba macho, akaomba kwa maneno machache, akayafumbua. Alisugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, akamimina mafuta, akasubiri. Hakugonga hata mara moja. Mafundi wengi hugonga kabari kwa nyundo mpaka habu ikapasuka. Wengine, wakishindwa, huchomelea habu kwenye ekseli, na trekta likawa chuma chakavu tangu siku hiyo. Yeye aliingiza bolti tatu kwenye matundu ya kusukumia, akazikaza kwa zamu, kidogo hapa, kidogo pale, akizisikiliza, mpaka kabari ya nje ikalia ta! na kutoka. Habu ikateleza. Nyuma yake, imevaa grisi safi ya rangi ya asali, palikuwa na kabari ya pili.

Hakuigusa. Akamwita meneja, na karani aje na daftari la stoo.

Meneja alipiga magoti kwenye vumbi. Karani akashika miwani kwa uzi wake, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akaisoma daftarini, akairudia. Zililingana. Kando ya namba, nukta tatu.

"Ni kweli," alisema meneja. "Ipo."

"Basi barua ifutwe."

Meneja alisimama akajipangusa magoti. Hakuwa mtu mkali. "Barua ilitoka makao makuu, fundi. Imeandikwa kwamba siku ya ukaguzi kabari haikuonekana. Na siku ile haikuonekana. Hilo litabaki kweli hata leo."

"Haikuonekana kwa kuwa hamkuangalia!"

"Tukiifuta, mkaguzi atakuwa amekosea. Na mkaguzi hakosei. Kazi yake ni kukosoa."

"Tuliahidiana, bosi."

"Nilisema tutaongea. Sasa hivi tunafanya nini?"

Fundi alitazama zana zake. Angeweza kuzikusanya aende zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini gurudumu likichomoka kwenye mteremko wa kitalu cha saba lingemwua dereva, ambaye hakuandika barua yoyote. Akapaka grisi, akarudisha kabari, akapachika habu, akakaza. Alipofika mwisho wa nguvu zake akaingiza bomba kwenye mpini wa spana, na dereva, mwenye kitambi cha kutosha, akaning'inia juu yake.

"Imefika," alisema dereva.

Waliondoa spana. Nati ikasimama kidogo, kisha ikaanza kujifungua yenyewe, polepole, kama mtu anayegeuza shingo kumtafuta aliyemwita. Wakaikaza tena. Ikajifungua tena. Mara ya tatu dereva alishuka kwenye bomba akajifuta jasho.

"Habu hizi si wajinga," alisema. "Zinamjua mwenyewe."

"Mwiteni mzee," alisema meneja. "Ila ndani haingii. Agizo ni agizo."

Kwa hiyo trekta lilipelekwa polepole, gia ya kwanza, magurudumu yakiyumba, mpaka kwenye ua wa waya wa shamba, kando ya barabara. Mzee Robo alikuja kwa miguu, shati limepigwa pasi, na nyuma yake alikuja mke wa dereva, ambaye mzee alimpitia kwao bila kuombwa na mtu. Fundi alishika spana kwa ndani. Mzee akapenyeza mkono mmoja kati ya nyaya, akauweka juu ya mkono wa bintiye, akatega sikio.

"Robo tena," alisema.

Nati ikazunguka robo, ikatulia. Dereva akalitikisa gurudumu. Ilikuwa kama kutikisa mlima. Wakaligeuza trekta, wakafanya na upande wa pili.

Baada ya hapo watu walileta vitu vyao penye ua bila kuambizana: bawaba, pampu, bomba la jikoni. Watu wawili walibeba kiti cha meneja, na meneja mwenyewe akafuata nyuma akitazama pembeni. Mzee alikaza kila kimoja kupitia waya. Mwishoni akamshika dereva mkono mmoja na mkewe mkono wa pili.

"Robo tena," aliwaambia.

"Sawa, baba," alisema mke. "Ila masufuria yatabaki kwa mama mpaka nimwone mwenendo."

Habu huhitaji kukazwa tena baada ya kulima, na mara nyingine baada ya hapo, kila fundi mzuri anajua. Hivyo mzee akawa anakuja kila Ijumaa asubuhi na kusimama barabarani. Kitalu cha saba kililimwa kabla ya mvua, mistari imenyooka. Meneja, ambaye sasa alionekana mpaka kifuani, alimpungia mkono kwa heshima kutoka dirishani. Barua ilibaki kwenye faili.

Ijumaa ya tano mzee na bintiye walikuta kibao kipya kwenye ua, cha bati, kilicholetwa na gari la makao makuu. Kilikuwa na picha na maneno. Mlinzi wa geti ndiye aliyekifunga, na mlinzi hakuwa fundi. Skrubu nne zote zilikuwa nusu nje, na kibao kilikuwa kikigonga waya kwa upepo.

"Niliagizwa tu, mzee," alisema mlinzi, akiangalia viatu vyake.

Mzee alisogea. Alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na tatu, katika darasa la jioni, na mpaka leo alisoma kwa kidole, akiipa kila herufi haki yake. "Mtu... huyu... ha-ru-hu-si-wi... kuingia." Akaitazama picha. "Ya zamani hii. Hapa nilikuwa na nywele."

"Baba, twende," alisema fundi.

"Upepo ukikiangusha kitamkata mtu mguu."

"Kiache kianguke!"

Mzee alinyoosha mkono wazi, kama alivyounyoosha miaka yote kudai zana, na ukabaki hewani. Fundi aliishika bisibisi muda mrefu. Machozi yalimtoka, akayaacha. Kisha akaiweka kwenye kiganja cha baba yake.

Mzee alikaza skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kila moja akaiongezea robo. Jioni ile upepo ulivuma kwa nguvu na kung'oa mabati mawili ya stoo. Kibao hakikutikisika.