Bafu la Mavyaa

Harufu ilipoingia sebuleni, Sindano alimshuku mavyaa wake. Na si kwamba hakujaribu kuwashuku wengine. Alianza na jirani wa nyuma, maana jirani ni mtu wa kushukiwa hata kabla hajafanya kitu. Akainua mfuniko wa shimo la maji machafu uani, akachungulia huku kabana pua: maji yanapita vizuri, hakuna kilichoziba. Akarudi jikoni, akalifungua lile bomba lililopinda chini ya sinki. Maji yaliyotuama kwenye kipindo yakammwagikia miguuni, na papo hapo uvundo ukamlipukia usoni mpaka machozi yakamtoka. Akalirudisha haraka, akafungulia maji, jiko likatulia. Basi ya jikoni si yenyewe. Lakini sebuleni harufu ilikuwa pale pale, imejikalia kama mgeni asiyejua kuaga.

Na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Cherehani chini ya dirisha, vitambaa kwenye kochi, wateja wanaingia na kutoka. Hilo jina la Sindano walimpa wao, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Sasa wateja wale wale wakawa wanapimwa kiuno huku wamezuia pumzi, na kiuno kilichozuia pumzi si kiuno cha kweli. Gauni la bibi harusi mmoja lilikuwa limesharudishwa kwa sababu halifungi.

Mavyaa alikuwa amehamia kwao mwanzoni mwa mwaka, akitokea kwa binti yake. Harufu ikafuata nyuma. Sasa wewe niambie, mtu asishuku? Tena bibi mwenyewe, kila mgeni akitia mguu, anaguna: "Nyumba ya mwanangu siku hizi inanuka. Sijui usafi unafanywaje."

Loo! Damu ilimchemka Sindano. Jumamosi wifi yake, binti huyo huyo, angekuja, wakae yeye na kaka yake, waamue mama yao atakaa wapi moja kwa moja. Sindano alitaka kuingia kwenye kikao hicho na ushahidi mkononi: mama yenu ananichafulia nyumba, mchukueni.

Harufu ilizidi kwenye bafu dogo lililopakana na chumba cha mavyaa, na bafu lile alilitumia yeye peke yake. Kila asubuhi anajifungia, maji yanasikika yakichuruzika, anatoka na taulo begani, kajipaka mafuta anang'aa. Halafu sahani zake. Zilirudi jikoni tupu, hata tone la mchuzi halikubaki, na huku mapishi yenyewe anayasema vibaya kwa wageni. Sindano akajumlisha mambo.

"Chakula changu anakimwaga bafuni," alimwambia mumewe. "Anadhani namtilia kitu."

"Nani, mama?"

"Mama yako huyo huyo. Hujamwona anavyonusa kijiko?"

"Ananusa kwa sababu nyumba inanuka, mke wangu."

Wanaume bwana! Sindano hakubishana. Alhamisi mchana, mavyaa akiwa amelala, aliingia bafuni kwa kunyata, pua kaifunga kwa kitambaa. Kwenye kona ya kuogea, chini ya kile kichujio cha tundu la maji, akatandika kipande cha pazia la wavu, akafunika upesi. Ikinaswa mbegu moja tu ya nyanya, kesi imekwisha.

Ijumaa asubuhi mavyaa akaingia. Maji yakachuruzika. Akatoka, taulo begani, akaenda kuota jua uani. Sindano huyoo, bafuni.

Akakitoa kile kipande. Hakuna mbegu, hakuna punje ya wali. Akakipapasa. Yeye kitambaa kilichowahi kulowa anakijua hata gizani, na hiki hakikuwa kimeguswa na tone la maji. Akagusa vigae vya kona ile: vikavu. Akamulika tundu kwa tochi ya simu, akakuta utando wa buibui ndani ya bomba. Kilicholowa kilikuwa sinki peke yake, lenye bomba lake la kutolea maji, na kitambaa kidogo cha kujifutia.

Akakumbuka lile bomba la jikoni na uvundo uliopanda maji yalipomwagika. Kumbe maji ya kwenye kipindo ndiyo mfuniko, na mfuniko wa hapa ulikuwa umekauka kitambo. Akamimina ndoo nzima. Haikupita muda, harufu ikapungua.

Ungedhani angefurahi. Wapi! Ndiyo kwanza shaka ikamjaa. Mtu mzima anajifungia bafuni, anafungulia maji ya sinki, anatoka anajifanya ameoga. Anaficha nini?

Akamfuata uani na kipande chake mkononi. "Mama, leo umeoga?"

"Nimeoga."

"Mama, pale chini hapajalowa. Leo wala jana."

Bibi akatazama mlangoni kwanza. "Mwanangu yupo?"

"Yuko kazini."

"Najifuta pale penye sinki. Kwenye vigae naogopa." Sauti ilikuwa ndogo, haikufanana kabisa na ile ya kuguna mbele ya wageni. "Kwa binti yangu niliteleza bafuni, mara moja tu. Nikainuka mwenyewe, hata sikulia. Kesho yake nikakuta mabegi yangu mlangoni. Nikianguka na hapa, nitapelekwa wapi?"

"Na yale maneno ya usafi?"

"Nilitaka wakutazame wewe, wasinitazame mimi."

Sindano akakikunjakunja kile kipande cha pazia. Alisikia aibu, na hasira pia, ila hasira yenyewe hakujua ampelekee nani.

Jumamosi wifi akaja, akakaa kwenye kochi kati ya vitambaa, akanusa huku na huku. "Mbona hapanuki? Mama kila nikimpigia simu ananilalamikia. Ilikuwa nini?"

Mavyaa akainamia kikombe chake cha chai.

"Uvivu wangu, wifi," Sindano akasema. "Kuna bomba nililisahau."

"Nilijua tu!" Wifi akacheka mpaka bangili zikalia. Sindano akameza hilo nalo. Halafu wifi akaacha kucheka, akamkazia mama yake macho. "Na wewe, mama, siku hizi unaoga mwenyewe? Hutelezi? Sema kweli, maana kuna nyumba za kutunzia wazee."

Mavyaa akaweka kikombe chini.

"Kuoga?" Sindano akadakia. "Wifi, huyu anatumalizia maji! Nagombana naye kila siku atoke. Mama haondoki hapa, nani atanisaidia kushona vifungo?"

Mumewe, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akishika kifungo, akamtazama mkewe, akasema, "Basi mama anabaki." Kikao kikaishia hapo.

Wifi alipokwenda zake, mavyaa alisimama mlangoni mwa bafu na taulo lake. "Mwanangu," akaita, "una nafasi kidogo?"

Sindano akazima cherehani, akavua viatu, akatangulia yeye kukanyaga vigae, akamnyoshea mkono.