Wazee Wote Hawajambo

Ukimuuliza Bi Mauza hali yake, atakujibu njema. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo walivyolelewa wazee karibu wote wa Kariakoo. Mwenye homa atajibu njema, aliyezika jana atajibu njema, tunamshukuru Mungu. Shida inakuja baadaye, taratibu, chai ikishamiminwa na mgeni akishatulia kitini. Anayeondoka kabla ya hapo ameondoka na salamu tu.

Sasa wale vijana wa shirika la kuhudumia wazee waliopita nyumba kwa nyumba mwezi wa kwanza hawakunywa chai ya mtu. Walikuwa na simu za kujazia majibu, orodha ndefu ya majina, na jua lilikuwa kali. Waliamkia vizuri, hilo hatuwanyimi. Shikamoo, marahaba, hali yako bibi? Njema. Wakabonyeza njema. Kwa Bi Mauza, maswali mengine yote aliyajibu mwanawe Hamud, aliyepanda kutoka dukani kuja kusaidia: anakula mwenyewe, anaoga mwenyewe, ngazi anashuka. Bi Mauza alikaa akilitazama zulia na hakusahihisha neno.

Hakusahihisha kwa sababu ukweli ungemgharimu nyumba. Mwezi wa kumi aliteleza bafuni, akalala sakafuni kama robo saa akisikiliza wapiga debe wa chini wakinadi masufuria, mpaka akapata nguvu za kujivuta kwa ukingo wa sinki. Hakumwambia mtu. Tangu siku ile alikuwa anajifuta kwa kitambaa cha maji akiwa amekaa kitandani, na huko si kuoga. Hata maji ya udhu yalimtisha, kwa hiyo swala zake nyingi alitayamamu kwa vumbi safi, ruhusa ya dini kwa anayeogopa maji yatamdhuru. Aliona haya, tena haya kubwa, kwa maana alikuwa mwanamke msafi maisha yake yote.

Hamud naye alikuwa amejenga Kigamboni. Nyumba ya chini, bafu pana, ua wenye kivuli. Alishasema watahamia huko baada ya Idi, mama, mke wake Anfal na watoto. Alikuwa mtoto mwema, na ubaya wa watoto wema ni kwamba huwezi kugombana nao. Bi Mauza alikuwa bado anamchelewesha pole pole, mara nyumba ikauke rangi kwanza, mara watoto wamalize mtihani. Lakini Hamud angesikia neno kuanguka, asingengoja Idi wala rangi.

Na yeye hakutaka kwenda. Miaka hamsini na mbili ameishi juu ya duka la mikeka na mazulia, na akitoka roshani wauza matunda wanamwamkia kwa jina. Ng'ambo ya mtaa yuko Bi Candida, Mchaga aliyeuza vitenge kwa jumla mpaka magoti yakamkatalia. Walianza kujuana kwa ugomvi wa maji machafu mwaka ambao wote wawili walikuwa na mimba, na tangu hapo hawajaachana. Kigamboni kuna upepo mzuri, sawa. Upepo hauji kunywa kahawa na mtu saa kumi jioni.

Basi mwezi wa tatu shirika likawaita wazee kumi na wawili waje kuona mpango wa huduma kabla haujaanza. Aliyewaita ni Caroline, nesi wa makamo mwenye sauti ya upole, ndiye msimamizi. Hamud alimshika mama yake mkono mpaka ukumbini, nyumba ya tatu kutoka Mtaa wa Msimbazi, akakaa nyuma pamoja na watoto wa wazee wengine.

Ukutani palibandikwa karatasi kubwa. Caroline aliwasomea. Wazee sitini na wawili walihojiwa, hamsini na watano kati yao wana hali nzuri na wanajitegemea. Kwa hiyo, alisema kwa furaha, huduma itakuwa ya kuwachangamsha: mazoezi ya viungo kila Alhamisi, kupima presha, mashindano ya bao, na mara moja kwa mwaka safari ya Bagamoyo.

Wazee wakapiga makofi. Vizuri sana mwanetu, Mungu akubariki. Mzee Rajabu, fundi cherehani mstaafu ambaye jicho moja halioni na la pili linabahatisha, alisema bao ni jambo la maana. Bi Candida, asiyeweza kukaa nusu saa bila kutafuta choo, akapiga makofi kwa safari ya Bagamoyo.

Bi Mauza aliwatazama wenzake, akakasirika. Hakumkasirikia Caroline. Alijikasirikia yeye na hao wazee wenziwe waongo, wanaopewa gari la kwenda Bagamoyo na wenyewe hawafiki chooni kwao. Akajua kwamba wakitoka pale mpango ukiwa umepitishwa hivyo, hakuna atakayekuja tena kuuliza. Akageuka kidogo, akamwona Hamud anatabasamu. Akainua mkono.

"Mwanangu," alimwambia Caroline, "nisomee mimi mliniandikaje."

Caroline alitafuta kwenye kompyuta yake. "Mauza binti Salim, miaka sabini na saba. Hali nzuri. Anajitegemea kwa kila kitu."

"Hali nzuri hiyo ilikuwa salamu. Mlinisalimia nikawaitikia, mkaandika." Aliwanyooshea wenzake mkono. "Mimi niko kitanda cha mauti nitakuitikia njema, na hawa wote vilevile. Mwezi wa kumi nilianguka bafuni. Tangu wakati huo sijaoga maji ya kujimwagia. Sitaki bao. Nataka mtu wa kuniogesha."

Alisema kuanguka, ingawa hakusema mara ngapi. Hakugeuka nyuma tena. Alikuwa ametoa siri yake mbele ya kadamnasi, na alihisi uso unawaka mpaka masikioni.

Caroline hakujitetea, na kwa hilo tunampa heshima yake. Aliwaomba watoto wote wa wazee watoke nje, kwa adabu lakini bila mjadala. Hamud alitoka wa mwisho. Nesi akaibandua ile karatasi ukutani, akaigeuza upande mweupe, akaagiza chai, akavuta kiti akakaa katikati yao.

Chai ilipofika nusu ya vikombe, Mzee Rajabu aliguna. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema, kisha akatoboa kwamba gazeti analolishika kila asubuhi hajasoma hata herufi tangu mwaka juzi. Kuogeshwa naye anahitaji, ila wasimletee binti wa kumvua nguo. Akaulizwa anamtaka nani. Akasema kinyozi wake wa pale Mtaa wa Msimbazi, kama atakubali kufundishwa, kwa sababu yule ameshika wembe shingoni kwake miaka thelathini na hajamchinja. Walicheka, na baada ya kicheko hicho maneno yakatoka yenyewe. Bi Candida alitaja habari ya choo, jambo ambalo hata Bi Mauza alikuwa akilijua kwa kuona tu, hajawahi kuambiwa. Alitaka msaidizi awe mmoja siku zote. Leo wakimleta huyu na kesho yule, alisema, atakuwa amevua nguo mbele ya Kariakoo nzima. Bi Mauza yeye aliomba msaidizi wake aje kabla ya adhuhuri ili aipate swala na udhu wa maji. Wakakubaliana pia kwamba wazee wengine wakahojiwe upya, na watakaokwenda kuwahoji wawe wazee wenzao, wawili wawili, na wasiulize kitu kabla ya kikombe cha pili.

Caroline aliandika mpaka karatasi ikajaa. Aliwaambia wazi kwamba hawezi kuahidi yote, wakubwa wake watauliza maswali, lakini karatasi ya kwanza hataipeleka. Bi Candida akaomba Bagamoyo isifutwe kabisa. Wapange tu gari lenye kusimama njiani.

Hamud alikuwa amengoja nje juani saa nzima na zaidi. Alirudi na mama yake akiwasukuma kando wenye mikokoteni ili mama apite. Nyumbani walipanda mpaka ngazi inapokata kona, mahali ambapo Bi Mauza hupumzika siku zote akisingizia kutazama dirishani.

"Mwezi wa kumi," Hamud alisema. "Huu ni wa tatu."

"Ndiyo."

"Basi hatungoji Idi, mama. Wiki ijayo tunahamia Kigamboni." Alilisema kwa upole, kama anayempa zawadi.

Bi Mauza alimuuliza nani atamwogesha huko. Anfal, alisema Hamud. Alimuuliza kama Anfal ameambiwa. Hamud akakuna kichwa. Mkewe ana duka lake na watoto wanne, na hilo swali hakuwa amemfikishia.

"Mgonjwa haulizwi uji, mama."

"Mimi si mgonjwa, mwanangu, ni mzee. Na hata mgonjwa huulizwa kama uji umemuunguza." Alishika ukuta avute pumzi. "Wale vijana walikuja wakaniuliza vibaya. Wewe hujaniuliza kabisa."

Hamud, mtu mzima wa miaka hamsini, mwenye maduka mawili, akakaa kwenye ngazi yenye vumbi na suruali yake ya kazi. Chini mtu alikuwa anamwita aje ampimie mteja zulia. Hakuitika.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Unataka kukaa wapi?"

"Hapa. Na mtu wa kunisaidia, nitakayemchagua mimi. Siku nikishindwa ngazi, nitahama."

"Nitajuaje kama umeshindwa?"

"Nitakwambia."

"Miezi mitano hukuniambia, mama."

Neno hilo lilimuuma, kwa sababu lilikuwa la haki. Angeweza kumkemea, mama ni mama. Angeweza pia kumjibu kwamba aliogopa, na lingekuwa kweli, lakini lisingempa Hamud sababu ya kumwamini kesho. Alisimama pale akipigania pumzi na aibu kwa pamoja. Kisha akaukunja mkono wa baibui, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Palikuwa na alama pana, nyeusi katikati na kijani pembeni.

"Hii si ya mwezi wa kumi," alisema. "Hii ni ya Jumapili."

Hamud aliushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakutaja Kigamboni. Aliuliza ilikuwaje, na Bi Mauza akaketi kando yake ngazini akamweleza yote.