Mbao za Bogumiła

Muuzaji aligonga kioo cha jiko kwa ukucha. "Hili unalichomeka ndani ya meko yako ya zamani, babu, na linakubalika kwa sheria mpya ya moshi. Ila kuni ziwe kavu, za miaka miwili."

"Kijana, nilikuwa nawasha moto baba yako hajazaliwa," nikamjibu.

Meko ya wazi ilikuwa imepigwa marufuku wilaya yetu nzima, na kifua cha mke wangu, Bogumiła, hakivumilii baridi. Binti yetu Kinga alishatamka: nyumba ikipoa, au nikipigwa faini, mama anahamia kwake Kraków, ghorofa ya saba, moja kwa moja. Niliogopa hilo kuliko kaburi.

Fundi alilisukuma jiko mahali pake siku ya Alhamisi. Kuni kavu nilizoagiza zingefika Jumatatu. Lakini Bogumiła alikuwa anakohoa, basi nikatia magogo mabichi ya mplamu nilioukata mwaka huohuo. Yakatoa povu. Nilipotoka kutazama bomba, moshi mzito wa manjano ulikuwa umelalia paa.

Ndipo nikaisikia droni ya kupima moshi. Ilielea juu ya bomba la jirani yetu Walenty, ikinusa, na gari la walinzi wa manispaa lilikuwa langoni kwake.

"Jirani!" Walenty akaniita kutoka ng'ambo ya ua. "Unachagua Papa humo ndani, moshi wote huo? Zima, wanakuja kwako!"

Nikakimbilia ndani. Nikayatoa magogo kwa koleo, nikayazika thelujini.

"Kachukue mbao zangu darini," Bogumiła akasema.

Kwetu wazee huweka akiba ya mbao za majeneza yao. Zetu, seti mbili za msonobari usioguswa na rangi, zilikuwa huko juu miaka ishirini.

"Zako? Acha uchuro, mama. Tuchome zangu."

"Na wewe ukifa kesho tukuzike na gunia? Zangu, nimesema. Mimi sina safari. Panda, mzee, acha kutetemeka."

Nimesoma shule ya jioni hadi cheti; uchuro siuamini. Nikazishusha, nikazikata kwa msumeno; hata hivyo vipande vya kwanza vilipowaka nilifumba macho.

Mlango ukagongwa. Mlinzi, mwanamke kijana, alikagua jiko, akadunga kipimo chake cha unyevu kwenye ubao uliobaki. Bogumiła alizuia kikohozi mpaka machozi yakamtoka.

"Kavu kabisa," mlinzi akasema. "Mbao nzuri, bibi. Zilikuwa za nini?"

"Za safari. Imeahirishwa."

Akacheka, akaenda zake.

Jioni vipande vikaisha, na kikohozi kikarudi. Nikapanda darini. Pale zilipokuwa mbao zake vumbi lilikuwa limeacha umbo lake, refu na jembamba, na kando yake zangu zimelala pweke. Sikuweza kuzitazama hivyo. Nikazibeba zote, nikashuka nazo kwenye moto.