Safari ya Kupiga Picha Jua

Meinrad alimwambia kila mtu pale Mbinga kwamba anateremka ziwani kupiga picha za kalenda. Haukuwa uongo. Kampuni moja ya Songea ilikuwa imemwagiza picha kumi na mbili za kiangazi: vilima vilivyoungua, vijito vilivyokauka, ardhi iliyopasuka. Ila hiyo ilikuwa nusu ya habari, na nusu ya pili hakumwambia mtu. Eunice, msichana aliyetaka kumwoa, alikuwa na mama huko Chiwanda, na mama huyo alisema hapokei barua ya posa ya mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Siku ya kuonwa ilikuwa leo.

Kwa hiyo alipiga picha kama mtu anayekimbizwa. Rafiki yake Dastan, aliyekuwa akiendesha pikapu ya kuazima, hakupata hata nafasi ya kuingiza gia ya nne. Simama hapa. Rudi nyuma kidogo. Lilikuwa jua la Novemba, mvua haijadondosha hata tone, na kadiri walivyouacha ubaridi wa milimani ndivyo nchi ilivyozidi kukauka: miteremko myeusi kwa moto wa vichaka, miti imebaki fito, mto mmoja umegeuka njia ya mbuzi. Meinrad aliinama, akalala kifudifudi, akapiga, akatazama kioo cha kamera, akafuta. Ya mbele ingekuwa nzuri zaidi. Akifika ya mbele, anaikumbuka ile ya nyuma.

Dastan alivumilia mpaka Mbamba Bay. Waliposhika njia ya vumbi ya kusini, na Meinrad akaomba kusimama mara ya tano kwa ajili ya kichuguu, alizima injini kabisa.

"Unapiga picha," aliuliza, "au unachelewa?"

Meinrad alirudisha kifuniko cha lenzi. Aliogopa, basi. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, aliyepiga picha harusi za wenzake mpaka akachoka, alimwogopa mama mmoja ambaye hajawahi kumtia machoni. Eunice alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba watu wa ziwani husema Mmatengo wa milimani kama yeye anajua kahawa yake tu, akitoka hapo ni mgeni wa kila kitu. Eunice alicheka alipolisema hilo. Yeye hakucheka.

Walifika saa saba, jua likiwa utosini. Nyumba ilikuwa imefungwa. Jirani aliwaambia Mama Beata, mama yake Eunice, yuko msibani na atarudi baadaye, kisha naye akaelekea hukohuko. Wakabaki wawili. Mbele ya nyumba, juu ya mchanga, walikuwa wameanikwa usipa wa mama, wale dagaa wadogo wa ziwani, eneo zima la ukubwa wa chumba, wanang'aa mpaka macho yanauma. Pembeni yalikuwapo maturubai mawili yaliyokunjwa.

Hapo ndipo Meinrad alipojipalia makaa. Alizaliwa kwenye kahawa. Tangu utotoni alijua kwamba kahawa iliyoanikwa kwenye kichanja hufunikwa jua likiwa kali, la sivyo maganda hupasuka na mnunuzi huishusha daraja. Na ukipita ukaona ya jirani inaungua, ukaenda zako na mikono mfukoni, huko Umatengoni utaambiwa hukulelewa. Akaona usipa, akaona jua, akaona maturubai. Akajisemea kuwa leo mama atakuta mkwe mwenye akili. Dastan, naye mtoto wa kahawa, alishika ncha ya pili. Walifunika vizuri kabisa, wakabana kingo kwa mawe, kisha Meinrad, moyo umetulia kwa mara ya kwanza siku ile, akaenda ufukweni kupiga picha miamba.

Aliporudi baada ya saa nzima, harufu ilimpokea. Akafunua. Mvuke ulimpanda usoni kama wa sufuria ya wali. Usipa walikuwa wamelainika, vichwa vinaachia, matumbo yamepasuka. Badala ya kukauka walikuwa wameiva. Kitumbua kimeingia mchanga, tena mchanga wa ukweni.

Dastan alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu.

"Wahenga walisema tenda wema nenda zako," alisema kwa sauti ya chini. "Basi twende zetu. Utakuja wiki ijayo, umevaa shati jingine."

Meinrad alienda mpaka kwenye pikapu, akashika kitasa cha mlango, kikamuunguza kiganja, akakiachia. Akarudi. Akaenda tena. Aibu ilimsukuma huku, Eunice akamvuta kule, na jua halikumwonea huruma. Mwishowe alivua viatu, akaingia katikati ya usipa, akaanza kuwatandaza upya, mmoja mmoja, mchanga ukimchoma nyayo. Dastan alitukana kwa Kimatengo, kisha naye akavua vyake.

Mama Beata aliwakuta hivyo, wamepiga magoti, migongo imelowa jasho.

"Shikamoo, mama," Meinrad alisema, macho chini. "Ni mimi niliyewafunika. Kwetu kahawa hufunikwa mchana."

"Marahaba."

Mama aliokota usipa mmoja, akambinya, akamrushia bata. Akakaza kitenge chake kiunoni, akaanza kutandaza upande wa pili. Kurekebisha kulichukua muda mrefu kuliko kuharibu. Karibu nusu waliokolewa. Kwa waliobaki, bata walifanya sherehe. Ndipo akawaletea maji ya kunywa, akaketi kizingitini.

"Watu waliopita hapa niliwakuta njiani," alisema. "Wakaniambia kuna wageni wawili wamefunika usipa wangu. Nikatembea polepole, makusudi."

Meinrad alishusha kikombe. "Polepole, mama? Na usipa wanaharibika?"

"Usipa huvuliwa tena. Lakini mume wa binti yangu akiwa mtu wa kukimbia, nitalijua lini? Nilitaka kuona kama nitawakuta."

Akasimama, akajipangusa mchanga magotini. Mshenga aje Jumamosi, alisema, na akikuta kitu kimeanikwa, asikiguse.