Risasi Katika Maabara

Wakati wa vita, Salima na mume wake Amuri walifanya kazi pamoja katika maabara ya hospitali moja ya Kindu. Amuri alikuwa akipima vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa waliohofiwa kuwa na kansa. Asubuhi moja waasi walivunja mlango wakitafuta pombe. Mmoja alishika chupa ya formalini.

"Usinywe, ndugu yangu," Amuri alimwambia. "Hii njo dawa ya kutunza nyama. Itakuua."

"Unatuficha pombe."

Muasi alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, kisha akamfyatulia risasi kifuani. Wenzake walizivunja chupa zote. Amuri alikufa mikononi mwa mke wake, juu ya vioo na vile vipande vya wagonjwa. Baadaye wanawake walikuja kuuliza majibu yao, wengine kwa miguu kutoka Kibombo. Salima aliwaambia kuwa vipande vyao vimeharibika. Wengi walikufa bila kujua ni nini kilichowaua.

Leo Salima ni mkuu wa maabara hiyo. Akituma jibu kwa kompyuta, linafika papo hapo kwa daktari na kwenye rejista ya kansa, Kinshasa.

Juzi majambazi walifyatua risasi uani. Mwenzake Bibiche alimvuta mkono.

"Mama Salima, tukimbie."

"Ngoja. Jibu la mgonjwa wetu Sandrine halijaenda."

Risasi ilipasua dirisha, kioo kikamchana Salima shavu. Lakini hakuinuka. Kompyuta ilipoonyesha kuwa jibu limefika, walitoka kwa mlango wa nyuma, damu ikimtiririka shingoni. Kesho yake daktari alimwita Sandrine aanze matibabu.