Picha Iliyogeuziwa Ukuta

Kacha. Kimya kirefu. Kacha tena.

Flashi alisimama nje ya mlango wake, mkono kwenye kitasa, begi likimvuta bega. Mlio wa kamera ni kama kikohozi cha mtu: ukiuzoea huwezi kuuchanganya na wa mwingine. Huu haukuwa wa kamera yake, kwani yake ilikuwa begini. Ulikuwa wa Taratibu, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, mtu anayepiga picha moja wakati wenzake wameshapiga kumi. Na baada ya mlio, humo humo ndani ya studio ya Flashi, mke wa Flashi alicheka.

Damu ikamchemka. Akasukuma mlango.

Chumba cha mbele kilikuwa kama cha watu waliohama. Kochi halipo, runinga haipo, kapu la nguo za watoto halipo. Zilibaki taa mbili za miguu mitatu, pazia jeupe la kupigia picha na meza ya kompyuta. Taratibu alikuwa amepiga goti akiilenga taa moja kwa kamera. Mama Pacha, mkewe Flashi, alisimama pembeni, amemshikia kifuniko cha lenzi.

Kifuniko kile ndicho kilichomchoma. Tangu wafunge ndoa, Flashi hajawahi kumwachia mkewe ashike hata kitambaa cha kufutia kioo.

"Karibu, Baba Pacha. Usipite hapo, utatia kivuli," alisema Mama Pacha.

"Nisipite kwangu?"

"Kuanzia leo si kwako, ni kwa biashara."

Taratibu akainuka, magoti yakimlia. "Pole na kazi, ndugu yangu. Shemeji aliniita."

"Shemeji ana mume, na mume ana kamera."

"Mume niliyembembeleza wiki nzima," alisema Mama Pacha, "akaniambia hataki akili za mtu wa ng'ambo."

Ni kweli alisema hivyo. Mwaka uliopita ofisi ya kodi ilikataa kuhesabu kodi ya pango na umeme wa chumba kile katika gharama za biashara. Chumba chenye kochi na runinga, walisema, ni sebule. Wakamtoza kama mtu anayefanya kazi hewani, asiye na gharama, naye akauza lenzi yake ndefu ili alipe. Safari hii ingekwenda kamera yenyewe, na studio ingekwenda nayo. Taratibu alikuwa ameshapata punguzo lake bila kelele: alitenga chumba cha kazi tu, akakipiga picha, akaipeleka pamoja na risiti zake. Mwisho wa kupeleka ulikuwa kesho. Flashi aliyajua yote hayo, na bado aliapa heri alipe mpaka shati kuliko kumuiga Taratibu.

Kisha akaiona fremu kubwa sakafuni, uso umegeuziwa ukuta.

"Nani ameishusha?"

"Mimi," alisema Taratibu. "Picha ya harusi yenu ukutani, watasema bado ni sebule."

"Umeishusha, au umekuja kuichukua? Si yako?"

Picha ile ndiyo iliyoleta wateja. Kila bibi harusi mtarajiwa aliyeingia aliinyooshea kidole: nataka kama hii. Flashi aliitikia kwa kichwa na kupokea kazi, hata siku moja hakusema kwamba bwana harusi hawezi kumpiga picha mke wake siku ya harusi, na kwamba aliyeipiga ni Taratibu. Taratibu naye hakusema, na ukimya wake ulimkera Flashi kuliko matusi. Lakini kilichomla hasa ni tabasamu. Mkewe alikuwa peke yake katika picha, na tabasamu lile hajawahi kumpa yeye mbele ya kamera.

"Ulimchekea yeye," akasema.

"Nani?"

"Huyu. Siku ile."

Taratibu akaanza kukunja mkanda wa kamera. "Mimi nipite tu."

"Kaa, shemeji." Mama Pacha aliigeuza fremu. "Haya, wewe bingwa wa macho ya watu. Hayo macho yanatazama lenzi?"

Flashi akachuchumaa. Miaka yote alikuwa ameitazama picha ile kwa hasira tu. Sasa akaona: macho ya bibi harusi yaliipita lenzi, yakaenda juu kidogo, kulia, nyuma ya bega la mpiga picha.

"Ulikuwa nyuma yake," alisema mkewe. "Bwana harusi mzima umetoka kwenye kiti chako, tai imerukia mgongoni, unamfundisha mwenzio kazi. Inua taa. Sogea. Siyo hivyo. Nikasema, huyu hata kuoa hawezi bila kumsahihisha mtu. Ndipo nikacheka."

"Ulinikanyaga mara mbili," alisema Taratibu. "Ila ile taa, ulisema kweli."

Flashi aliendelea kuchuchumaa. Wivu haukumtoka wote. Yeye angebonyeza mapema, kicheko kisingefika; Taratibu ndiye aliyekisubiri.

"Imebaki kona ya dirisha," Taratibu akasema, "na mwanga unakwenda."

Flashi akasimama, akaichukua taa na kuiinua juu.

"Ndugu yangu," alisema, "bibi harusi atakayeiulizia picha ile, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba ni kazi yako. Nakuahidi. Lakini taa, nitamwambia ilikuwa yangu."