Ukuta wa Wifi

Kila aliyempongeza Chuma siku ile alimalizia na "lakini". Timu aliyoifundisha, ya kiwanda cha nguo, ilikuwa imetwaa tena kombe la mpira wa magongo la wanawake, na bado watu waliotoka uwanjani walimzungumzia wifi yake, kocha wa timu ya hospitali, aliyemaliza katikati ya msimamo wa ligi.

"Chuma bingwa, sawa, lakini kwa wachezaji wale hata mimi ningebeba kombe," mkata tiketi alimwambia mwenzake, bila kujua mwenye jina yuko mgongoni pake. "Kocha ni yule Sista. Wachezaji wake wauguzi, wanatoka zamu macho mekundu, na bado kuwafunga ni kazi."

Chuma akapita. Maneno ya mtu baki angeyavumilia. Kilichomchoma alikikuta nyumbani. Mumewe, fundi majokofu, alikuwa sebuleni na mota aliyoifungua juu ya gazeti. Alimkumbatia kwa viwiko, maana viganja vilijaa grisi, kisha akasema kwa moyo mweupe kabisa:

"Ila mdogo wangu naye kajitahidi. Ukilinganisha na alichonacho, mke wangu, huenda kawapita wote."

"Kwa hiyo mimi kombe nimeokota?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema ukilinganisha. Jasho langu mbona halilinganishwi na la mtu?"

Mume akainamia mota yake. Alikuwa mtu wa kujua wakati wa kunyamaza, ila siku hiyo alichelewa kidogo.

Wivu haupigi hodi. Ulimwingia Chuma, ukakaa, ukaanza kupanga samani. Akiosha vyombo alimwaza wifi yake. Akiwafundisha wasichana wake alijiuliza Sista angesemaje hapo. Mwisho akajipatia jibu lililomtuliza: Sista hana ukocha wowote, ana kipa. Alikuwa na yule mwanamke wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, mfupi, mpana wa mabega, ambaye mashabiki walimwita Ukuta. Mwondoe Ukuta langoni, halafu tuone huo ufundi.

Akazungumza na meneja wa kiwanda. Haukupita muda, Ukuta akapata kazi idara ya kufungasha, mchana tu, bila zamu za usiku. Alikwenda kumuaga Sista akilia. Sista akamwambia, "Nenda, mdogo wangu. Riziki haikataliwi."

Jumapili familia ilipokula pamoja kwa mama mkwe, Chuma alijiandaa kwa ugomvi. Sista akampisha kiti, akamsogezea chumvi, akamuuliza habari za watoto. Chuma alitamani atukanwe. Tusi lingewafanya wawe sawa.

Ligi ikaanza. Timu ndogo ya chuo cha ufundi, ambayo haikuwa imewahi kuitikisa timu ya kiwanda, ilimfunga Ukuta mabao matatu, ikashinda. Waliofuata nao wakashinda. Mipira yote ilipita kushoto kwake, mingine polepole kiasi kwamba aliitazama ikiingia. Mashabiki wa kiwanda, ambao hawana dogo, wakambadilisha jina. Wakamwita Mlango.

"Unacheza au unakaribisha wageni?" Chuma alimfokea mazoezini.

"Nacheza kama nilivyocheza siku zote, kocha," alijibu, akivua glavu bila kumtazama usoni.

Kisha wakakutana na hospitali. Langoni kwa Sista alisimama mpishi wa wodi, mwanamke mzito aliyekuwa ameanza juzi kujifunza kuvaa zile pedi za miguuni. Mbele yake mabeki wa hospitali walijipanga karibu karibu kama vidole vya ngumi. Washambuliaji nyota wa Chuma walihangaika, wakafunga manne kwa vipaji vyao tu. Hospitali ikafunga matatu, yote kushoto kwa Ukuta. Filimbi ya mwisho ilipolia, timu ya kiwanda ilikuwa imeshinda, na uwanja mzima ukasimama kuwapigia makofi walioshindwa.

Ukuta aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akajifunika taulo kichwani. Chuma alimtazama mabega yakitikisika. Hasira aliyokuwa nayo ikakosa pa kwenda, akatoka nayo nje hadi kwa wifi yake, aliyekuwa akikusanya magongo.

"Ulijua!"

"Nilijua," Sista akasema. "Goti lake la kushoto halikunji vizuri. Alianguka ngazini zamani. Nilichofanya ni kuwafundisha mabeki wawasukume wapinzani kulia kwake. Huko anadaka hata nzi."

"Na leo ukawaambia wasichana wako wapige kushoto."

"Mimi ni kocha, wifi. Ningewaambia wapige wapi?"

"Ungeniambia tangu mwanzo."

"Uliniuliza? Ulimchukua mtu kama anayebeba mlango akidhani amehama na nyumba."

Sista akakaa juu ya mfuko wa magongo, akashusha pumzi.

"Unadhani mimi sina wivu? Wiki iliyopita nimecheza pungufu kwa sababu kuna ajali ililetwa wodini, wasichana wakarudi kazini na jezi ndani ya sare. Watu wananisifu, halafu wanakwenda zao. Unajua ninachoota nikilala? Benchi lako. Nyuso zote zile zimekaa tu, zinasubiri kuitwa."

Kisha Chuma, kwa sauti iliyomtoka kwa shida, akauliza, "Beki anasimamaje?"

Sista akachukua gongo, akachora kwenye vumbi.

Haikuwa kazi nyepesi. Nyota wa Chuma walinuna. "Timu nzima ijipange kwa ajili ya goti la mtu mmoja?" nahodha aliuliza. Chuma akamweka nje mechi mbili, akapoteza moja kwa ajili hiyo. Polepole wakaelewa. Mabao ya kufungwa yakapungua, kisha yakakoma. Kombe lilikuwa limeshakwenda kwa wengine. Kiwanda kikamaliza cha pili.

Siku ya mwisho Sista alimshika mkono. "Mwaka huu wewe umefundisha, wifi."

Neno likamwingia tamu, kabla halijafika moyoni likageuka shubiri. Kwa hiyo miaka yote ile alikuwa akifanya nini? Alifungua mdomo amuulize. Akamwona Ukuta anakuja akichechemea, kofia yake ya kipa kwapani, anacheka peke yake. Akaufunga mdomo.